Bahasha ya Krismasi kwa mleta barua: nimpe au nisimpe?

Mjomba, shikamoo.

Ninaishi Ohio, nchini Marekani, pamoja na mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe wangu, aliyekuja kukaa nasi baada ya kuanza kuugua. Tangu tuhamie katika nyumba hii, barua na vifurushi vyetu huletwa na mwanamke mmoja wa makamo ambaye hufika karibu kila siku, isipokuwa Jumapili na siku yake ya mapumziko, ambapo huja kijana mwingine. Dawa za mama mkwe hutumwa kwa posta. Mama huyu ameshajua kwamba mgonjwa hawezi kutembea hadi kwenye sanduku la barua lililo kando ya barabara, kwa hiyo kifurushi cha dawa hukipandisha hadi mlangoni, hubisha hodi, na huwa haondoki mpaka aone kwamba kuna mtu amekipokea. Siku za mvua hukitia kwanza ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuna kati yetu aliyemwomba afanye hivyo. Watoto wanamjua, na mama mkwe akisikia gari lake huanza kutengeneza kilemba chake.

Krismasi inakaribia, nami nimeshindwa kupata jibu moja. Jirani yetu, bibi mtu mzima aliyeishi katika mtaa huu kwa miaka mingi, ameniambia kwamba kila Desemba humwekea mleta barua noti ya dola 50 ndani ya bahasha, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wasiotoa hukumbukwa. Mume wangu anasema kumpa mtumishi wa serikali fedha ni rushwa, hata ukiifunga kwa utepe wa Krismasi, na kwamba mama huyo analipwa mshahara kutokana na kodi zetu, hivyo hatumdai naye hatudai. Wifi yangu anayeishi Ufaransa ametushangaa sote: huko aliko, mleta barua hubisha mlangoni mwenyewe mwishoni mwa mwaka akiwa na kalenda, unachagua moja, unampa fedha, na hakuna anayeona haya.

Kusema kweli, Mjomba, nina mambo mawili moyoni. La kwanza ni shukrani, ambayo ningependa ionekane. La pili ni hofu, kwa sababu maneno ya jirani yameniingia na sasa najiuliza kama dawa zitaanza kuachwa kwenye theluji endapo hatutatoa chochote. Sipendi jinsi mambo haya mawili yalivyochanganyika, maana hata nikitoa sitajua nimetoa kwa sababu ipi.

Naomba unieleze. Nimpe fedha au nisimpe? Kama si fedha, ni kitu gani, na cha thamani gani? Yule kijana wa siku za mapumziko naye ahesabiwe? Na madereva wa kampuni binafsi za vifurushi, ambao sura zao hubadilika mara kwa mara, tuwafanyeje?

Ni mimi, msomaji wako, Ohio.

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jibu lenyewe, kwa kuwa Desemba haisubiri: usimpe fedha. Usimpe dola 50 kama jirani yako, wala dola 5. Mpe zawadi ndogo ambayo bei yake dukani haizidi dola 20, umkabidhi mkononi pamoja na kadi yenye maneno yako mwenyewe, kisha mkuu wa posta ya eneo lenu aandikiwe barua ya kumsifu. Kuhusu fedha, mume wako amepatia. Kuhusu mengine aliyosema, nina maneno machache naye.

Mleta barua wa Shirika la Posta la Marekani ni mtumishi wa serikali ya shirikisho, na zawadi anazopewa na wateja zinaongozwa na kanuni zilezile za maadili zinazowabana watumishi wengine wa upande wa utendaji wa serikali hiyo. Kanuni hizo, zilizoanza kutumika mwaka 1993, zinamkataza mtumishi kupokea zawadi anayopewa kwa sababu ya kazi yake, kisha zinaacha nafasi ndogo: anaweza kupokea kitu chenye thamani isiyozidi dola 20 kwa tukio moja, Krismasi ikiwa mojawapo, mradi jumla ya alivyopokea kutoka kwa mteja huyohuyo katika mwaka mzima isipite dola 50. Nafasi hiyo haihusu fedha taslimu kwa kiasi chochote, na hundi inahesabiwa kuwa fedha. Kadi ya zawadi inayoweza kutumika popote, ile inayofanya kazi kama kadi ya benki, nayo inaangukia upande wa fedha. Kadi ya duka moja au mkahawa mmoja, ambayo haiwezi kugeuzwa kuwa fedha, inaruhusiwa ikiwa haizidi hizo dola 20.

Kipo kipengele kimoja ambacho watu wakarimu huwa hawakijui. Ukimnunulia kitu cha dola 30, hawezi kukuambia kwamba atalipa dola 10 za ziada kutoka mfukoni mwake ili abaki na zawadi. Ama anakurudishia, ama anailipia thamani yake yote, na hapo si zawadi tena. Kwa hiyo usishawishike kupandisha kidogo kwa kuwa amekutendea mema mengi, kwa sababu unapovuka kiwango humwongezei chochote, bali unamnyima hata kile ambacho angekipokea bila wasiwasi. Wala msijaribu kuigawa zawadi mara mbili, wewe utoe yako na mume wako atoe yake, ili kukizunguka kiwango hicho. Nyumba ni moja na mleta barua ni mmoja, na hesabu za namna hiyo humwachia yeye mzigo wa kujieleza.

Sasa mfikirie mama huyo anapofungua bahasha ya jirani yako na kukuta noti ya dola 50. Akiirudisha, inabidi asimame mlangoni mwa bibi mtu mzima na kumwambia kwamba wema wake hautakiwi, jambo ambalo bibi anaweza kulichukua kuwa dharau. Akiiweka mfukoni, amevunja masharti ya kazi ambayo huenda ameitegemea kwa miaka mingi kulea watoto wake. Hajaomba kuingizwa katika uchaguzi huo, na bado kila Desemba unamfika kwenye nyumba kadhaa za njia moja. Najua kwamba wapo wengi wanaotoa fedha na wapo wanaozipokea kimyakimya, na sitaki kuwahukumu watu waliozoea jambo kwa nia njema. Ila wewe umeuliza kabla ya kutenda, kwa hiyo huna sababu ya kumwongezea mzigo huo.

Huenda mtu akaona kwamba huu ni ukali wa ofisini usio na maana, na kwamba dola 20 za fedha zina ubaya gani kuliko soksi za dola 20. Ubaya wake unaonekana ukitazama huduma yenyewe ilikotoka. Mwaka 1794 bunge la Marekani liliruhusu waleta barua wa mijini, ambao hawakuwa na mshahara, watoze senti 2 kwa kila barua waliyoifikisha kwa mwenyewe. Walichopokea mlangoni ndicho walichokula. Mtindo wa kumlipa mleta barua kwa kila barua, ingawa kiwango kilibadilikabadilika, ulidumu hadi mwaka 1863, ugawaji wa bure majumbani ulipoanza katika miji 49 na waleta barua wakawekewa mshahara. Wakazi wa mashambani waliendelea kuzifuata barua zao wenyewe hadi mwaka 1896, majaribio ya kuwafikishia bure yalipoanza huko West Virginia. Mabadiliko hayo yalimwondoa mleta barua katika hali ya kutegemea mkono wa mpokeaji, na yakaufanya mlango wa mwenye nacho na mlango wa asiye nacho kuwa sawa mbele yake. Bahasha ya Desemba, hata ikitolewa kwa upendo, humrudisha taratibu kule alikotolewa.

Hapo ndipo pia wifi yako anapoeleweka bila kubishana naye. Nchini Ufaransa desturi ya kalenda ni ya zamani, inajulikana na kila mtu, na inafanyika wazi: mleta barua anapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inatoa kiasi inachopenda. Wifi yako anapotoa fedha hamtii mtu matatani. Wewe unaishi Marekani, mleta barua wako ni mwajiriwa wa Marekani, na kanuni zinazomhusu ni za huko. Desturi ya Ufaransa ni nzuri kuisikia, lakini haimsaidii mama huyu siku akiulizwa na msimamizi wake.

Kuhusu mume wako, nianze na jambo dogo la ukweli. Shirika la Posta la Marekani kwa kawaida haliendeshwi kwa kodi, bali kwa mauzo ya stempu na malipo ya huduma zake. Kwa hiyo hoja ya kwamba mama huyo analipwa kutokana na kodi zenu haina miguu, na hata kama ingekuwa nayo isingefuta deni la shukrani. Mshahara unamlipa kwa kufikisha kifurushi. Sijui ni mshahara upi unaomlipa mtu kwa kumkumbuka mgonjwa wa nyumba ya watu, akajua mwendo wake ni wa polepole, na akavumilia mlangoni huku njia nzima ikimngoja. Pale mume wako alipotaja rushwa, nadhani alikaza kamba kupita kiasi, kwa kuwa sioni kwamba jirani yenu ananunua chochote. Hata hivyo, yale maneno ya jirani kwamba wasiotoa hukumbukwa yanampa mume wako nusu ya haki, maana wazo hilohilo, kwamba huduma ya mwakani inategemea bahasha ya mwaka huu, ndilo ambalo kanuni zinataka lisiingie kichwani mwa mteja wala mwa mtumishi.

Hofu yako ndiyo iliyonishughulisha zaidi katika barua hii. Tazama mwenyewe ulivyoieleza habari yenu. Mama huyo alianza kupandisha dawa hadi mlangoni kabla hamjampa kitu chochote, na hakuna dalili hata moja uliyoitaja kwamba anasubiri malipo. Ushahidi wote ulio nao unamsifu, na kinachomshuku ni sauti ya chini ya jirani tu. Usiruhusu sauti hiyo ikubadilishie mtu unayemjua. Na hata ingetokea siku moja, Mungu apishe mbali, kwamba dawa zimeachwa mahali pasipofaa, dawa hizo zimelipiwa usafirishaji na ni haki yenu kufikishiwa. Ungekwenda posta na kulalamika kama mteja yeyote, bila kuonyesha risiti ya zawadi. Zawadi haikupi haki hiyo, na kutokutoa hakuiondoi.

Ukitaka kujua unatoa kwa sababu ipi, jiulize hivi: kama ungeambiwa leo kwamba kuanzia Januari mama huyo anahamishiwa njia nyingine na hamtaonana tena, je, bado ungetaka kumpa kitu Krismasi hii? Kwa jinsi ulivyoandika, naamini ungetaka, na pengine ungetaka zaidi. Basi nunua kile ambacho ungemnunulia mtu anayehama.

Ni kitu gani hicho? Mtazame kazini. Anashinda nje katika majira ya baridi, anaingia na kutoka garini, na mikono yake inashika karatasi na vifurushi tangu asubuhi. Glavu nzuri zinazoacha vidole vifanye kazi, soksi nene, au kikombe chenye mfuniko kinachohifadhi joto ni vitu vinavyopatikana chini ya dola 20 na ambavyo atavitumia siku ileile. Kadi ya mkahawa ulio kwenye njia yake pia inafaa, mradi ukumbuke masharti niliyoyataja. Chakula ulichopika nyumbani kinatoka moyoni, lakini mtu anayepita nyumba nyingi hawezi kula kila anachopewa na wala hajui kila jiko, kwa hiyo chokoleti iliyofungwa kiwandani inampunguzia mashaka. Kikombe cha chai ya moto na biskuti chache za kula papo hapo ni jambo jingine: kanuni hazivihesabu vinywaji na vitafunio vya namna hiyo kuwa zawadi kabisa, wala kadi ya salamu. Hilo unaweza kulifanya hata kesho bila kusubiri sikukuu.

Mpe mkononi. Kuacha zawadi kwenye sanduku la barua si kosa kubwa, lakini siku hiyo anaweza kuwa amekuja yule kijana, na utamwacha akijiuliza kama imekusudiwa yeye. Na akikataa, mwanangu, usimlazimishe. Sisi tumelelewa kubembeleza mpaka mtu apokee, na kwetu kukataa mara ya kwanza ni adabu tu. Yeye akikataa huenda amekataa kweli, kwa sababu anajua mambo ya ofisini kwake ambayo wewe huyajui. Mpe kadi, mshukuru kwa mdomo, na ile zawadi irudi ndani.

Barua kwa mkuu wa posta naona ina uzito kuliko kitu chochote utakachofunga kwa karatasi ya maua, kwa kuwa malalamiko hufika ofisini yenyewe, lakini sifa hubaki vinywani mwa watu. Iwe fupi na iwe na mambo yanayoonekana: anwani yenu, siku anazopita, kwamba kuna mgonjwa ndani ya nyumba, kwamba mleta barua humfikishia dawa mlangoni na kuzikinga na mvua. Usimpambe kwa maneno makubwa, na chagua maneno yasiyomfanya aonekane kama anapendelea nyumba moja na kuchelewesha nyingine. Kazi ya kuiandika mpe mume wako, kwa kuwa anazuia fedha na mikono yake haina shughuli. Tena ni mama yake anayeletewa hizo dawa.

Mambo mengine mnayoweza kumfanyia hayanunuliwi, na nina hakika yeye angeyachagua kabla ya glavu. Ondoeni theluji na barafu kwenye njia ya kuja mlangoni na mbele ya sanduku la barua, kabla hajafika na si baada ya kuteleza. Washeni taa ya nje, maana mwezi wa Desemba giza huingia mapema na vifurushi ni vingi kiasi kwamba wengi wao humaliza kazi usiku. Kama mna mbwa, mfungieni ndani wakati wake wa kupita. Shirika la Posta limeripoti katika miaka ya karibuni zaidi ya matukio 5,000 kwa mwaka ya mbwa kuwashambulia wafanyakazi wake, na mara nyingi ni mbwa ambao wenyewe waliapa kwamba hawaumi.

Yule kijana wa siku za mapumziko ahesabiwe, lakini si lazima apewe sawa. Kadi yenye jina lake na pakiti ya chokoleti inatosha kumwonyesha kwamba nyumba yenu inajua kuwa kuna watu wawili. Kanuni za dola 20 zinamhusu naye vilevile, kama zinavyomhusu karani wa dirishani posta.

Madereva wa kampuni binafsi hawabanwi na kanuni za serikali. Kila kampuni ina masharti yake, na njia ya haki ni kumwuliza dereva kama anaruhusiwa kupokea kabla hujamnyoshea noti. Kwa kuwa hao wenu wanabadilika kila mara, wekeni tu kikapu chenye chupa za maji na vitafunio vilivyofungwa karibu na mlango, pamoja na karatasi inayowakaribisha kuchukua. Watu wengi hufanya hivyo Marekani wakati wa sikukuu, na inampa dereva uhuru wa kuchukua na kuendelea na safari.

Jirani yako usiende kumsomea kanuni. Ametoa kwa namna anayoijua, na kumfundisha bibi mtu mzima adabu za posta mlangoni kwake hakutamsaidia mtu. Ila akikuuliza mwaka huu umeweka kiasi gani, usidanganye wala usione haya. Mwambie kwamba umenunua glavu, na kwamba ulichagua hivyo kwa sababu fedha zingeweza kumgharimu mleta barua kazi yake. Ningekuambia umpe safu hii aisome, lakini kwa kuwa hasomi Kiswahili, itabidi umweleze kwa kinywa chako.